Mbwa Jike na Homoni

Leo tunasoma habari za mbwa jike aliyehasiwa, yaani aliyetolewa ovari, viungo vinavyotengeneza mayai ya uzazi.

Baada ya miezi au miaka, mbwa kama huyu huweza kulowesha mahali anapolala. Mwenyewe hudhani ni utovu wa adabu, akamchapa. Lakini hebu fikirini: aliyelala usingizi ana kosa gani?

Jibu lilikuja polepole. Mwaka 1905 Ernest Starling wa London alitumia neno “homoni”: kitu kinachotoka katika kiungo kimoja, kikapelekwa na damu mpaka kingine. Mwaka 1929 Edward Doisy wa Marekani na Adolf Butenandt wa Ujerumani, kila mmoja kwake, walipata homoni ya ovari, estrojeni. Homoni hii husaidia misuli inayofunga njia ya mkojo. Ikipungua, misuli hulegea.

Mwaka 1938 Charles Dodds na wenzake, huko Uingereza, walitengeneza estrojeni bandia. Madaktari wa wanyama wakawapa mbwa hawa. Iliwafaa wengi, ila ikizidi huharibu uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Mwaka 2011 Marekani ilikubali kwa mbwa hao estriol, estrojeni isiyo kali.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: ho-mo-ni.