Namba za Matoleo katika Vifurushi vya Debian

Mfumo wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Ndani yake, programu ya dpkg huamua kifurushi kipi ni kipya kwa kusoma namba ya toleo peke yake. Haiangalii tarehe wala yaliyomo. Namba iliyotungwa na mwandishi wa programu kwa mazoea yake hugeuka amri kwenye kompyuta ya mtumiaji.

dpkg huikata namba vipande, na kila fungu la tarakimu hulisoma kama namba nzima. Ndiyo maana 1.10 huizidi 1.9. Kumbe waandishi wengi wa moduli za Perl walihesabu kwa desimali: baada ya 1.15 hutoa 1.2, ambayo kwao ni kubwa zaidi. Kwa dpkg, 15 inaizidi 2, na kifurushi kipya huonekana cha kale. Vivyo hivyo mradi uliotumia tarehe, kama 19990317, ukihamia 1.0 huwa umeporomoka.

Dawa ya kwanza ilikuwa enzi, namba inayotangulia toleo na kufuatwa na nukta mbili. Toleo 1:1.0 hulishinda lolote lisilo na enzi. Dawa hiyo ni kali mno, kwani ikishawekwa haiondoki: kifurushi kitakachoiacha kitahesabiwa cha zamani daima. Wafungashaji wana haki ya kuiogopa. Toleo 2.0 likiharibika na ikabidi kurudi 1.9, wengi huona heri waandike 2.0+really1.9. Sura yake haipendezi, lakini 2.1 ikifika namba hiyo hutoweka.

Matoleo ya majaribio yalisumbua pia, maana 1.0rc1 huhesabiwa kubwa kuliko 1.0. Hapo ndipo alama ya ~ ilipoingizwa: hupangwa kabla ya chochote, hata kabla ya mwisho wa namba, hivyo 1.0~rc1 hutangulia 1.0. RPM, programu ya vifurushi inayotumiwa na Red Hat, iliipokea alama hiyo mwaka 2012.

Kazi ya kufuatilia matoleo ilipokabidhiwa mashine, makosa yaliongeza kasi. Programu ya uscan hutafuta matoleo mapya yenyewe, lakini bila kanuni ya kugeuza rc kuwa ~rc huokota namba ya majaribio na kuipa ukubwa isiostahili. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, nayo hutambulisha mabadiliko kwa alama zisizo na mpangilio wowote. Amri ya git describe huhesabu mabadiliko tangu toleo la mwisho, mfano 1.4-27-g3fa92c1, ila seva ikipakua historia nusunusu hesabu hiyo hukosa pa kuanzia. Kwa mradi ambao haujawahi kutoa toleo, wafungashaji huandika 0~20180512, na siku 0.1 itakapotoka itaipita bila kuhitaji enzi.