Mkono wa mtoto kwenye sahani ya mlenda

Ukikaribishwa ugali jioni kwenye kaya ya Kigogo, iwe Mvumi au Mpwapwa mkoani Dodoma, hutakaa sana kabla ya kuona mkono mdogo ukiingia sahanini. Ni wa mtoto ambaye bado ananyonya, amepakatwa na mama au dada yake. Anamega ugali wa uwele, anauzamisha kwenye mlenda, anauvuta, na ule utelezi unamfuata hadi kidevuni. Nusu ya tonge inaishia kifuani. Wakubwa wanaendelea kula.

Huko Uingereza jambo hili lilihitaji kitabu. Mwaka 2008 Gill Rapley, aliyekuwa muuguzi wa kutembelea familia zenye watoto wachanga, alishirikiana na Tracey Murkett kuwaandikia wazazi kwamba mtoto wa miezi 6 anayeweza kukaa hana haja ya kusagiwa kila kitu wala kukimbizwa na kijiko. Awekewe vipande, ashike, ale mwenyewe, akishiba aache. Vijana wengi wa mjini Dodoma wanaujua utaratibu huo kama mtindo wa Wazungu, nao bibi zao walilelewa hivyo hivyo.

Wazo lenyewe hata kwa Wazungu ni la zamani. Mwaka 1926 daktari wa watoto wa Marekani, Clara Davis, alianza uchunguzi ambao hatimaye ulihusisha watoto 15 waliotoka kuachishwa ziwa. Orodha yake ilikuwa na vyakula 34, vikiwamo nyama, uboho wa mifupa, mayai, nafaka, matunda na maziwa. Muuguzi aliketi na kijiko mkononi, lakini hakuruhusiwa kumpa mtoto kitu mpaka mtoto mwenyewe akinyooshee mkono. Watoto wakala, wakanawiri. Davis alikiri kwamba siri ilikuwa kwenye ile orodha: haikuwa na sukari wala unga uliokobolewa, kwa hiyo chochote ambacho mtoto angechagua kilikuwa cha kumjenga.

Hapo ndipo historia ya uwanda wetu wa kati inapouma. Mkono wa mtoto ulikuwapo siku zote, ila sahani ilipungua. Wagogo ni wafugaji na wakulima kwa pamoja, na mtoto wa kaya yenye ng'ombe alipata maziwa, ya mgando na mabichi, pamoja na uwele, mtama na mboga za porini. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo.

Baada ya Uhuru, mtoto alipata wa kumsemea serikalini. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na moja ya mambo yaliyowashughulisha wataalamu wake ni uji. Tumbo la mtoto wa miezi 8 linajaa kwa kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Uji mwepesi, ule wa kunywesheka, ni maji kwa sehemu kubwa. Mtoto anashiba huku mwili una njaa. Ukiongeza unga, uji unakuwa mzito hata haumezeki.

Mwaka 1983 Alwin Mosha wa taasisi hiyo na mwenzake kutoka Sweden, Ulf Svanberg, walichapisha dawa ya tatizo hilo: kimea. Nafaka inalowekwa, inaachwa ichipue, inaanikwa, machipukizi yanaondolewa, kisha inasagwa. Ukitia kijiko cha kimea kwenye uji mzito uliopikwa na kukoroga, uji unalegea ukiutazama, na unga haujapungua hata chembe. Walipeleka utafiti huo hadi kijiji cha Luganga, Iringa. Wanawake wa Ugogo walikuwa wanakijua kimea tangu enzi, ila walikitia kwenye pombe.

Kimea hakikuenea kama kilivyostahili. Kuloweka, kuanika na kusaga ni kazi inayomwangukia mama yule yule anayetoka kisimani na anayetakiwa shambani. Ndiyo maana naliheshimu zaidi lile tonge la mlenda: kipande cha ugali mkononi mwa mtoto kina unga mwingi kuliko kijiko kizima cha uji mwepesi, na mlenda unakiteremsha kooni bila taabu.

Lakini leo ugali huo mara nyingi ni wa mahindi, na uji wa lishe umetiwa karanga. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa sana na sumukuvu, sumu ya ukungu, yasipokaushwa vizuri. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafariki. Mtama na uwele vina nafuu, na ni mazao yanayovumilia ukame wetu. Kuyaacha ilikuwa hasara.

Suala la mwisho ni maji. Mkono unaojilisha lazima unawe, na hapa mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Wilaya yetu ya Kongwa ina somo lake. Watafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho, akiwamo Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, waliwaonyesha akina mama kwamba maji kidogo sana yanatosha kuosha nyuso za watoto wengi, na matokeo ya kampeni yao yalichapishwa mwaka 1995. Kibuyu chirizi na sabuni vinaweza kuifanyia mikono kazi hiyo hiyo.

Udumavu kitaifa ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Kwa hiyo, mzazi wa Dodoma, mnyonyeshe mwanao maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kisha mkaribishe sahanini huku ukiendelea kumnyonyesha. Mkalishe wima, usimwache peke yake. Zabibu zetu zikate kwa urefu, karanga usimpe nzima, azipate zimesagwa. Mwekee kipande cha boga, yai lililochemshwa, dagaa waliopondwa, nyama laini iliyochambuliwa, na ugali wa uwele na mlenda. Mnawishe kwanza.