Mhujumu wa 1983 na Somo la Uhalifu wa Kupangwa

Ninapofundisha uhalifu wa kupangwa, wanafunzi hutarajia tuanzie Sicilia. Huko tutafika, mimi huanzia Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha fedha za kigeni. Sukari, sabuni na khanga vikaadimika. Bei zilipangwa na Tume ya Bei tangu 1973, na bidhaa zilipitia kampuni za biashara za mikoa, RTC. Aliyepata kibali alikwisha kupata faida kabla hajauza hata kipande cha sabuni. Kwa hiyo nawataka wanafunzi wasitosheke kuuliza nani aliyeficha gunia, bali nani aliyesaini kibali.

Tuseme mwenye duka wa hapa Izia alikutwa na katoni kadhaa chini ya kitanda. Sheria ya 1983 ilimpeleka mbele ya baraza maalumu, bila dhamana, bila wakili, bila rufaa. Tena sheria yenyewe ilitungwa msako ukiwa umekwisha kuanza, ikarudishwa nyuma iuhalalishe. Sokoine hakuwa mla rushwa, na wananchi walimpenda kwa hilo. Lakini uadilifu wa kiongozi haumpi mshtakiwa wakili.

Mwaka 1984 Bunge lilitunga sheria nyingine. Kesi zikahamia Mahakama Kuu, mawakili na rufaa vikarudi, na uhujumu ukaunganishwa na uhalifu wa kupangwa katika jina moja la sheria. Hapa ndipo ulinganisho na Italia unapofaa. Italia ilitunga sheria yake Septemba 1982, baada ya Pio La Torre na Jenerali Dalla Chiesa kuuawa Palermo, ikalenga kundi lenyewe: vitisho vyake na ukimya unaolilinda. Yetu ina jedwali la makosa. Mtu mmoja, asiye na genge lolote, akikutwa na jino la tembo hushtakiwa kwa uhujumu. (Watumishi wa umma darasani hushtuka hapa kuliko wengine.)

Septemba 2019 Rais Magufuli alishauri wenye kesi za uhujumu wanaokubali kurejesha fedha wasamehewe. Mamia walijitokeza. Waliokuwa nazo walikuwa na cha kurejesha. Kwa asiye na kitu, toba hiyo haikuwa na bei anayoimudu. Yule mwenye katoni za sabuni angerejesha nini?