Vidonda vya Kulala: Vile Doki Anaweza Kukucheki kwa Simu Ukiwa Ocha Asumbi

Msee akiumia uti wa mgongo, mara nyingi hasikii uchungu mahali amelalia. Akikaa upande mmoja sana, damu haipiti na ngozi inaanza kufa: matakoni, kwa nyonga ama visigino.

Noma ni hii: hospitali ya kitaifa ya uti wa mgongo iko Nairobi. Kutoka Asumbi, huo ni mwendo wa masaa mengi ukikalia kidonda kilekile. Ndio maana simu inasaidia, na tangu 2023 Kenya iko na Sheria ya Afya ya Kidijitali inayotambua matibabu ya mbali.

Fanya hivi:

- Omba mgonjwa ruhusa, kisha piga picha mchana, rula ikiwa kando ya kidonda. Rudia kila wiki, umbali uleule.
- Ngozi nyeusi huficha wekundu, kwa hivyo gusa pia. Ikiwa moto ama ngumu kuliko kando yake, mwambie doki.
- Mwambie pia kuhusu harufu, usaha, na vile mgonjwa anakula.

Lakini doki hawezi kukata nyama iliyokufa kwa simu. Ukiona homa, nyama nyeusi ama mfupa, usingoje kujibiwa. Enda hospitali siku hiyohiyo.

Na hata dawa ikiwa fiti aje, kidonda hakiponi kikilaliwa. Mgeuze kila masaa 2 kitandani. Kwa wheelchair, ajiinue ama aegemee kando kila dakika 15 hadi 30. Hiyo mboka ni yenu nyumbani.