Pumzi ya Watu: Kelele, Ujirani na Historia ya Kulalamika katika Nyanda za Juu Kusini

Ugomvi wa kelele katika majengo ya ghorofa hujadiliwa nchini kwetu kama suala la malezi. Huyu hana adabu, yule ana roho nyepesi, basi mjadala umekwisha. Msimamo wangu ni tofauti. Ugomvi wa kelele ni suala la utawala. Watu wamepigiana kelele tangu walipoanza kuishi karibu karibu. Kilichobadilika kutoka zama hadi zama ni mlango ambao mwenye lalamiko anaubisha, na nani anaruhusiwa kuubisha.

Tuanze na Rungwe. Kati ya 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica Wilson akachapisha kitabu chake Good Company. Walikuta jambo adimu duniani: vijiji vilivyojengwa kwa rika. Vijana wa kiume, wakifikisha umri wa miaka kumi hivi, waliondoka kwenye miji ya baba zao na kujenga vibanda vyao pamoja. Wakakua, wakaoa, wakazeeka wakiwa majirani. Fadhila kuu ya maisha hayo iliitwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzio, kula nao na kuzungumza nao.

Lakini ukwangala ulikuwa na upande wake mkali. Iliaminika kwamba majirani wakimnung'unikia mtu kwa kosa la kweli, manung'uniko yao humjia kama ubaridi na kumwuguza. Hiyo ndiyo iliyoitwa pumzi ya watu. Aliyeugua alipaswa kujiuliza amemkosea nani, kisha apatane na wenzake. Sina haja ya kuamini kwamba pumzi huuguza ili nione busara ya kisiasa iliyomo: lalamiko la jirani lilikuwa na nguvu, na mlalamikiwa hakuweza kulipuuza. Wala nisiupambe mfumo huo. Imani hiyo hiyo ilikaa jirani sana na tuhuma za uchawi, na aliyetuhumiwa aliweza kulazimika kuhama. Pumzi ya wengi inaweza kumrekebisha mkosaji. Inaweza pia kumfukuza asiye na kosa.

Uheheni suluhisho lilikuwa umbali. Nyumba za tembe zilitawanyika, shamba likiwa kati ya familia na familia. Kisha ukaja mji. Iringa ilikua kutoka kituo cha kijeshi cha Wajerumani. Mbeya ilianza katika miaka ya 1920, wakati wa dhahabu ya Lupa. Waingereza, kwa Sheria ya Miji ya 1920 na kanuni zake, waliigawa miji katika kanda: makazi ya Kizungu, eneo la biashara, na makazi ya wenyeji. Majina ya Uzunguni na Uhindini yangali hai Mbeya hadi leo. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya, hasa malaria. Hata hivyo utulivu nao uligawiwa kwa rangi: ngoma mjini ilihitaji kibali. Sauti ya watu fulani iligeuzwa kosa kabla hata haijamwudhi mtu, na lalamiko likawa haki ya wachache.

Uhuru ulijaribu kuufungua mlango huo. Katikati ya miaka ya 1960, TANU ilisimika mfumo wa nyumba kumi kumi. Balozi alikuwa masikio ya chama, na wengi waliteswa na masikio hayo. Lakini pia alikuwa mtu wa kugongewa usiku mwanamume akimpiga mkewe au redio ikikesha. Mwaka 1971, Sheria ya Kutwaa Majengo ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Katika nyumba hizo ukuta mmoja ukawatenganisha watu wa asili, dini na mapato tofauti, na mwenye nyumba wao wote akawa dola. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na balozi akabaki kiongozi wa chama chake tu.

Nani alichukua nafasi yake? Tunazo sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, pamoja na kanuni za kelele na mitetemo za 2015, huweka viwango vinavyopimwa kwa mashine. Hizo zinafaa kwa baa na viwanda. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inawapa wamiliki chama chao cha kuendesha jengo. Hiyo ni hatua nzuri, lakini angalia neno lenyewe: wamiliki.

Katika jengo ninaloishi hapa Mbeya, muuguzi wa zamu za usiku alilalamika mara tatu kuhusu kinu kilichotwangwa mchana juu ya dari yake. Alijibiwa kwamba yeye ni mpangaji, amwone mwenye nyumba wake, ambaye anaishi Dar es Salaam. Mwenye kinu naye alikuwa mpangaji: mama anayetwanga karanga za kuuza, na karanga hizo ndizo ada za watoto wake. Usingizi wa mmoja ni usalama wa wagonjwa. Kinu cha mwingine ni riziki. Hakuna aliyekosa adabu. Wala hawakuwahi kuketishwa pamoja. Walirushiana maneno katika kundi la WhatsApp, wengine wakachochea, na mwisho wa mwezi muuguzi akahama.

Tazama tulipofika. Pumzi ya watu bado ipo, nayo inavuma kwenye simu, ila haina tena kikao cha kuigeuza kuwa mapatano.

Pendekezo langu ni dogo. Kila jengo la ghorofa liwe na baraza ambalo mpangaji ana kiti na sauti sawa na mmiliki, na lalamiko lolote lianzie hapo, ana kwa ana, kabla ya kufika kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Kama baraza hilo lingekuwapo, kinu kingeweza kuhamishiwa uani, au saa za kutwanga zikapangwa kwa zamu za muuguzi. Tunajenga ghorofa kwa kasi Mbeya na Iringa, na wengi watakaozijaza ni wapangaji. Tukiwanyima mlango wa kubisha, tutakuwa tumeirudisha ile kanda ya kikoloni, safari hii ikipita katikati ya jengo moja, kati ya mwenye hati na asiye nayo.