Jani Lilijua Kitambo
Simu ikishika moto katikati ya gemu, hupunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Vita hivyo si vya jana. Mwaka 1981, David Tuckerman na Fabian Pease wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichonga mifereji myembamba kama unywele kwenye silikoni, wakapitisha maji. Kila sentimita mraba iliondolewa joto la wati 790: yaani moto wa pasi kwenye eneo la ukucha!

Shida? Mifereji ilikuwa myembamba na imenyooka. Kusukuma maji humo kunadai pampu yenye nguvu, na pampu inakula stima. Mwili ulishakwepa gharama hiyo. Mwaka 1926, Cecil Murray alionyesha kwa hesabu jinsi mishipa ya damu inavyogawanyika, mikubwa ikizaa midogo, ili nguvu isipotee bure. Jani nalo hugawa maji yake kwa matawi vivyo hivyo.

Mwaka 2025, Microsoft ikaonyesha chipu yenye mifereji inayofanana na mishipa ya jani. Akili unde inameza stima, na nyingine inaishia kwenye kupoza mashine tu. Hesabu ya Murray ilikuwa imetimiza miaka 99. Jani halikuwa limejificha, lilikuwa dirishani.