Hewa Iliyochomwa: Kutoka Salaita Hadi Gunia la Mbolea

Reli ya kutoka Voi kwenda Taveta haikujengwa kwa ajili ya abiria. Waingereza waliianza 1915, Wajerumani wakiwa wameshaiteka Taveta, na tarehe 12 Februari 1916 mizinga ikakitwanga kilima cha Salaita. Tukivisimulia vita hivyo huku kwetu, tunataja makaburi ya Voi, mahandaki, na wapagazi ambao wengi majina yao hayakuandikwa popote. Mimi nataka kutaja naitrojeni. Baruti za pande zote mbili zilihitaji asidi ya nitriki, na asidi hiyo haitengenezwi bila naitrojeni, gesi inayojaza asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi.

Shida ni kuishika. Waingereza walitegemea nitrati iliyochimbwa Chile. Wajerumani, wakiwa wamefungiwa bahari, walitegemea njia ya Haber na Bosch. Norwe ilikuwa na njia ya tatu, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi: kuichoma hewa kwa umeme.

Mwaka 1903 profesa Kristian Birkeland alikuwa akiwaonyesha watu mzinga wa umeme. Ukapiga shoti, mwale mkali ukatoka. Yeye na injinia Sam Eyde wakaigeuza aibu hiyo kuwa tanuri. Ndani ya mwale huo hewa inakuwa plazma, yaani gesi yenye joto kali hadi elektroni zinabanduka kwenye atomu, na naitrojeni inaungana na oksijeni. Radi hufanya vivyo hivyo juu ya milima ya Taita kila masika, bila bili ya stima. Kiwanda cha Notodden kilianza 1905 kikitengeneza mbolea. Vita vilipokolea, nitrati ya Norwe ikaingia pia kwenye silaha za Uingereza na Ufaransa.

Lakini tanuri hilo lilikuwa lafi: kama kilowati-saa 15,000 kwa tani moja ya asidi, na kwenye gesi iliyotoka, oksidi ya nitriki ilikuwa asilimia 2 hivi tu. Kisa? Kinachoungana kwenye joto kali huachana tena gesi isipopozwa haraka. Ni mbio kati ya kuungana na kuachana.

Mbio hizo zina namba zake, zile k za darasani. Mwaka 1889 Svante Arrhenius alionyesha jinsi kasi ya mmenyuko inavyopanda na joto. Miaka ya 1940 Yakov Zeldovich, Msovieti, akaeleza hatua yenyewe: atomu ya oksijeni inaigonga molekuli ya naitrojeni na kuivunja. Kizingiti chake ni kirefu. Pandisha joto kutoka Kelvini 2,000 hadi 2,500, k inakua zaidi ya mara 40.

Chuoni, kabla karo haijanishinda, namba hizi tulizikuta kwenye jedwali kana kwamba zilishuka na mvua. Hazikushuka. Kila moja kuna mtu aliyeipima, kwa joto fulani, kwenye gesi fulani, mara nyingi gesi iliyotulia yenye joto moja. Plazma nyingi za leo haziko hivyo: gesi yaweza kuwa Kelvini 2,000 huku mitetemo ya molekuli za naitrojeni ikiwa na joto kubwa zaidi. Molekuli inayotetema imeshapanda sehemu ya kizingiti. Sasa utaweka joto lipi kwenye fomula?

Basi namba ihoji kama unavyohoji hati ya kale. Ilipimwa kati ya joto gani na gani? Vizio vyake ni vipi? Je, k ya kwenda na k ya kurudi zinapatana? Kati ya mamia ya mimenyuko, ni ipi michache inayobadilisha jibu? Hiyo ndiyo uikague zaidi. Na usiichokore namba mpaka grafu ikubaliane na jaribio lako. Huko si kupima, ni kumfundisha shahidi la kusema.

Naitrojeni bado inapita Voi, siku hizi kwenye malori ya mbolea kutoka bandari ya Mombasa. Mwaka 2022 serikali ililazimika kutoa ruzuku ili gunia la kilo 50 lishuke hadi shilingi 3,500. Mwaka uliofuata, 2,500. Watafiti ng'ambo wanajaribu mashine ndogo za plazma za kutengeneza mbolea kwa hewa na umeme wa jua. Siku moja mtu ataipandisha moja hadi Wundanyi, na ahadi yake itakuwa imetoka kwenye modeli ya kompyuta. Ikiwa k ilikuwa mbovu, mbolea itatoka kiduchu, na mkopo wa sacco utabaki kwa mkulima. Kabla hajatia sahihi, mtu amuulize mwenye mashine: hizo namba zako zilipimwa wapi?